Kenge wa Malindi: boma la jua, chumba cha taa, au vyote viwili?

Kila anayeniuliza kuhusu kenge huanzia tumboni. Anakula nini? Mara ngapi? Nimpe vichwa vya kuku au panya? Nami humrudishia swali jingine: jua linamfikia saa ngapi, na linamwacha saa ngapi? Wengine huona ninawazungusha. Lakini kenge hana jiko ndani ya mwili wake kama kuku au mbuzi. Mnofu aliomeza leo utasagika kwa joto aliloliokota nje, juu ya jiwe au chini ya taa. Ukimshibisha bila kumpa joto, chakula kinamlalia tumboni na kuoza.

Kwa hiyo makao huchaguliwa kwanza, sahani baadaye. Hapa Malindi njia ninazoziona ni tatu: boma la nje linalotegemea jua, chumba cha ndani kinachotegemea taa, na boma lenye chumba cha kurudia. Zote nimezifanyia kazi, na kila moja imeniridhisha mahali fulani na kunitia hofu mahali pengine.

Kabla ya yote, neno la sheria. Nawaandikia wenye dhamana halali: wafanyakazi wa bustani za reptilia, vituo vinavyopokea wanyama waliojeruhiwa, na wenye vibali. Kenge ni mnyamapori chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na hawekwi popote bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kenge wetu wa Pwani wamo pia kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyamapori. Ukimkuta kwenye banda la kuku kule Ganda au Maweni akila mayai, mfungulie njia aondoke au uwaite KWS. Kumtia kwenye gunia umpeleke nyumbani si kumfuga.

## Kenge yupi, na tunapima nini

Tunao wawili. Kenge maji (Varanus niloticus) ndiye unayemwona kingoni mwa Mto Sabaki akitumbukia ukikaribia; anaweza kufika urefu wa mita 2. Wa pili ni kenge wa nyika mwenye koo jeupe (Varanus albigularis), mnene wa shingo, mkaaji wa vichaka, mashimo na miti yenye uwazi. Maelezo mengi ya kigeni yanamhusu mwingine kabisa, Varanus exanthematicus, anayetoka zaidi Afrika Magharibi kama Ghana na Togo. Yasome, ila usiyachukue neno kwa neno.

Kipimo cha kwanza ni jiwe la kuotea jua. Kenge akiwa kazini hupenda mwili wake uwe kati ya nyuzi 35 na 38. Ili afike hapo upesi, uso wa jiwe au gogo lake uwe na nyuzi 45 hadi 55, mahali pamoja tu, na upande wa pili wa makao uwe na kivuli cha nyuzi 25 hadi 29. Achague mwenyewe. Usiku nyuzi 22 hadi 25 hazimdhuru akiwa mzima.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu tunapima kwa ngozi zetu. Malindi mchana hewa ina nyuzi 30, mtu anatoka jasho, anasema kenge yuko motoni. Kumbe sakafu chini ya makuti ina nyuzi 28, na mnyama anayelala hapo siku nzima hajawahi kupata moto wa kusaga hata panya mmoja. Nunua kipimajoto cha mionzi cha mafundi, kile unacholenga juu ya kitu. Cha hospitali, tulichopimiwa vipajini wakati wa korona, hakifai: kimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu na hakifiki nyuzi 50.

Kipimo cha pili ni mwendo wa mwili, yaani umetaboli: kasi ya kuchoma chakula. Kwa reptilia kasi hiyo huongezeka takribani mara mbili, hata tatu, kwa kila nyuzi 10 mwili unapopanda. Akishakula hupanda tena mara kadhaa, kwa kuwa kusaga kwenyewe ni kazi. Hata hivyo, akiwa amepumzika, kenge hutumia sehemu ndogo tu ya chakula ambacho mnyama wa damu moto wa uzito uleule angekihitaji. Msahaulifu wa jambo hili humlisha kenge kama paka.

Ila kenge si mjusi wa kulala tu. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba akitembea husukuma hewa kwa koo lake kuijaza mapafu, na mwaka 2014 wengine wakaonyesha kwamba hewa hupita mapafuni mwake kwa upande mmoja, karibu na ilivyo kwa ndege. Huyo ni mnyama aliyeumbwa kwa mwendo mrefu. Huko Etosha, Namibia, kenge wa koo jeupe hula sana msimu wa neema na kula kidogo mno wakati wa ukame, akiishi kwa mafuta aliyoyaweka. Sisi tunampa msimu wa neema miezi 12 na kumnyima mwendo.

Vipimo vilivyobaki nitavitaja kwa ufupi: mwanga wa UVB (miale ya jua isiyoonekana kwa macho), unaomwezesha kutengeneza vitamini D3 na kutumia kalisi, madini ya mifupa; maji na unyevu, kisha fedha na kazi.

## Boma la jua

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukivuma na mbingu kutakata, boma la nje halina mpinzani kwa joto. Jiwe la matumbawe lililolala vizuri hupita nyuzi 50 kabla ya adhuhuri. Tatizo la miezi hiyo ni wingi. Kenge hana jasho la kumpoza, na mwili wake ukivuka nyuzi 42 uko kwenye hatari ya kifo. Boma la mabati matupu ni tanuri. Lazima pawe na kivuli cha mti (mwarobaini hukua haraka), shimo la udongo wenye unyevu, na dimbwi analoweza kujizamisha mwili mzima.

Masika ikiingia, na baadaye kipupwe cha Juni hadi Agosti, hali hugeuka. Mawingu hukaa, kusi hupiga kutoka baharini, na zipo siku jiwe halipiti nyuzi 35. Jenga ukuta upande wa kusi, na usiezeke makuti juu ya jiwe la kuotea.

Chakula katika boma la jua hufuata mbingu. Mimi hulisha saa nne au saa tano asubuhi, mnyama akishapata moto, ili awe na mchana wote wa kusaga. Jioni silishi kamwe. Mvua ikipiga siku tatu mfululizo, mlo husubiri hadi jua litoke, na kenge mzima aliye na mkia ulioshiba mafuta hadhuriki. Wakati wa kaskazi huenda nikamlisha mkubwa kila baada ya siku tano au saba. Kwenye kipupwe huenda zikapita siku kumi au kumi na nne.

UVB hapa ni ya bure na hakuna taa inayoifikia. Mnyama hutembea, huchimba, hujitafutia panzi na mende. Hofu yangu ni panya wa nje: akimla aliyekula sumu ya panya, sumu humwingia naye.

Gharama iko mwanzoni. Msingi ushuke angalau nusu mita kwa kuwa wanachimba, ukuta wa ndani upigwe lipu laini wasikwee, na waya uwe uliozuiwa kutu, maana chumvi ya bahari hula waya wa kawaida kwa muda mfupi. Baada ya hapo hakuna bili ya stima. Kazi ya kila siku ni maji: kenge hujisaidia dimbwini.

Nikiwa mgeni katika kazi hii nilihudumu kwenye bustani moja ya wageni. Kulikuwa na kenge maji jike, bomani nje, lakini juu pameezekwa makuti yote na chini ni saruji. Kila asubuhi tulimpa maini na matumbo ya kuku kwa sababu wageni walipenda kumwona akila. Akanona, tumbo likaburuta, watu wakamsifu. Mzee mmoja aliyekuwa akituletea majani aliniambia, “Mwanangu, huyu hatembei. Mnyama asiyetembea anaumwa.” Sikumsikiliza. Kusi ilipoingia aliacha kula, miguu ikavimba, akafa. Daktari wa mifugo alipompasua tulikuta mafuta ya manjano yamejaa tumbo zima, na juu ya figo na mfuko wa moyo kumetanda weupe kama chokaa. Lilikuwa jongo, asidi ya yuriki iliyoganda kwa sababu figo zilishindwa. Alikuwa nje, Malindi, na alikosa joto. Weupe ule juu ya moyo sijausahau.

Boma la jua linamfaa kenge mkubwa mwenye afya, hasa kenge maji anayehitaji dimbwi kubwa, na mlezi mwenye kiwanja. Mimi sianzi chini ya mita 4 kwa 3 kwa mnyama mmoja. Halimfai mtoto wa kenge: kunguru na mwewe watamchukua, au atapenya kwenye tundu usilolijua.

## Chumba cha taa

Hapa joto liko mkononi mwako, na hilo ni jambo kubwa. Unawasha saa moja asubuhi, unazima saa moja jioni, karibu sawa na mchana wetu wa saa 12. Usinunue globu za LED kwa kazi hii. Hazitoi joto la maana. Halojeni ni nzuri. Taa nyekundu za kulelea vifaranga zinazouzwa agroveti hutoa joto jingi, lakini hazina UVB, na zile za wati 250 zikishushwa sana huchoma mgongo. Weka wavu kuizunguka taa, kwani kenge atairukia. Taa mbili au tatu za nguvu ndogo zilizopangwa pamoja ni bora kuliko moja kali, kwa sababu zinapasha mwili mzima badala ya kuchoma doa moja mgongoni.

UVB hununuliwa kama taa ya peke yake, na nguvu yake hufifia hata kabla haijazima, kwa hiyo hubadilishwa kwa kalenda. Dirisha la kioo lisikudanganye: mwanga unapita, UVB inabaki nje.

Mmeng'enyo ndani ya chumba huenda kwa utaratibu mmoja, kipupwe na kiangazi. Kwa mtoto wa kenge hiyo ni neema. Anahitaji milo midogo midogo ya wadudu kila siku au siku moja baada ya nyingine, na taa humhakikishia moto wa kuisaga. Kwa mkubwa, utaratibu uleule ni mtego. Mwili una joto daima, njaa haiishi, mlezi anaona anakula vizuri anaongeza, na chumba hakina pa kutembea. Ukichagua taa kwa kenge mkubwa, punguza mlo kuliko unavyodhani, kisha mfiche chakula: chini ya majani, ndani ya gogo, juu ya rafu, afanye kazi kukipata.

Taa pia hukausha. Unyevu wa Malindi husaidia, lakini chini ya taa ngozi hunyauka, magamba ya vidole hayabanduki vizuri, na mnyama aliyepungukiwa maji ndiye anayekaribisha jongo. Udongo wa kuchimba, wenye unyevu chini na mkavu juu, si pambo.

Fedha: taa moja ya wati 100 kwa saa 12 hula uniti 1.2 kwa siku, yaani 36 kwa mwezi. Taa nne ni uniti 144. Piga hesabu kwa bei ya tokeni zako kabla hujajenga. Stima ikikatika usiku mmoja hakuna msiba kwa hali ya hewa yetu. Ikikatika siku mbili, usilishe. Na usiingize jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa ukidhani unamsaidia. Moshi wake usioonekana utamuua, na wewe pia.

Chumba kinawafaa watoto, wagonjwa, waliotoka kwenye upasuaji, na wale walioletwa wakiwa wamedhoofu. Kenge wa koo jeupe hukivumilia zaidi kuliko kenge maji. Kumweka kenge maji mkubwa chumbani maisha yake yote sijaona kukifanywa vizuri.

## Boma lenye chumba cha kurudia

Hili ni boma la jua lililopachikwa kibanda cha mawe chenye taa moja au mbili na mlango mdogo. Wakati wa kaskazi taa hulala. Masika na kipupwe huwashwa siku za mawingu, na jiwe la ndani hubaki na nyuzi 45 hata nje kukiwa na mvua. Unaweza kulisha kwa ratiba yenye uhakika bila kumnyima jua la kweli wala mwendo.

Kasoro zake zinatokana na ubora wake. Unalipia ujenzi mara mbili. Nyaya za umeme ziko karibu na maji, kwa hiyo fundi awe wa kweli, na nyaya zipite ndani ya bomba juu ya kimo cha kenge. Tena mnyama mvivu hupiga kambi chini ya taa hata jua likiwa limetoka. Hapo zima, atoke. Mahali hapa panataka mlezi anayetazama mbingu kila asubuhi na kuamua. Panapobadilishwa wafanyakazi kila mwezi, taa itawaka Februari na kuzimwa Julai.

Panamfaa mwenye kenge mkubwa wa kudumu, mwenye fedha ya kuanzia, na mtu mmoja anayewajibika.

## Sahani yenyewe

Mnyama mzima ndiye chakula kilicho karibu na ukamilifu. Panya mzima ana kalisi inayozidi fosforasi kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mnofu mtupu una fosforasi mara 15 na zaidi ya kalisi, ndiyo maana kenge wa kulishwa steki hulainika mifupa, taya hulegea, mgongo hupinda. Panya wawe wa kufugwa, kwa sababu ya sumu. Kware nao ni wazuri. Kwa mkubwa anayekaa tu, panya kila siku ni mafuta juu ya mafuta.

Nyenje, panzi, mende wa kufugwa na konokono ndio chakula cha asili ambacho tunakidharau. Kenge wa koo jeupe huko porini hula mbawakawa, jongoo na konokono kwa wingi. Kenge maji akikua meno yake huwa butu, ya kuvunjia magamba ya kaa na konokono. Wadudu wana kalisi ndogo, basi wapakazwe unga wa kalisi. Mfupa mweupe wa dome (jamii ya ngisi) unaookotwa ufukoni, ukioshwa kwa maji baridi, ukakauka na kutwangwa, ni kalisi safi. Funza wa nzi weusi wanaofugwa kwa chakula cha kuku wana kalisi nyingi kuliko wadudu wengi, ila wana mafuta pia.

Samaki ni kitoweo cha mara moja moja. Baadhi ya samaki wa jamii ya dagaa wakiwa wabichi wana kimeng'enya kiitwacho thiaminasi kinachoharibu vitamini B1. Mayai vilevile: ute mbichi ukiwa chakula cha kila siku huzuia vitamini iitwayo biotini. Maini na matumbo yasiwe msingi wa mlo wa kenge yeyote.

Na nawe unawe mikono kwa sabuni. Reptilia hubeba salmonela bila kuonyesha ugonjwa wowote.

## Kwa hali yako

Kama umepokea mtoto wa kenge kutoka KWS, anza na chumba cha taa, wadudu wenye kalisi na maji. Boma litamsubiri akue.

Kama ni kenge maji mkubwa na una kiwanja karibu na maji safi, jenga boma la jua, weka fedha yako kwenye dimbwi na ukuta wa kusi, na ukubali kwamba Julai atakula kidogo.

Kama ni kenge wa koo jeupe na kiwanja ni kidogo, boma dogo lenye chumba cha kurudia litampa zaidi kuliko chumba peke yake. Ukishindwa na gharama, chumba kikubwa chenye udongo wa kina na mlo mdogo wa kufichwa kitamtunza.

Kama ni mgonjwa au hataki kula, usianze kwa kumlazimisha chakula. Mpe joto na maji kwanza, mpigie daktari, na mlo wa kwanza uwe mdogo, mwili ukishapata moto.

Kama amenona, shina la mkia limejaa na tumbo linaburuta, usimfungie njaa ghafla. Mpanulie nafasi, mrudishie jiwe la nyuzi 50, badili panya kuwa wadudu na kaa, nafasi kati ya milo iongezeke polepole, na umpime uzito kila mwezi uandike.

Na kama tayari unaye, hujui uko kwenye hali ipi, basi kesho saa sita mchana lenga kipimajoto mahali anapolala, kisha mahali anapootea. Andika namba zote mbili. Zikikaribiana, hilo ndilo la kurekebisha kabla hujagusa sahani.